Bitana

Blanketi nililinunua Jumanne, soko la chini,
la kijivu, lenye mstari mmoja mwekundu ubavuni
kama kovu la mtu aliyepona.
Muuzaji aliapa kwamba limetoka hospitali ya Ulaya.
Nikalinusa: naftalini, na safari ndefu.

Kabale mwezi wa saba si mahali pa kudanganyana.
Saa nane za usiku ukungu unapanda kutoka bondeni,
unaingia benki bila kitambulisho,
unanipita mimi na bunduki yangu,
unanikalia magotini kama mtoto wa jirani.
Kampuni ilinipa sare ya kitambaa cha nchi ya joto
na barua fupi: koti ni juu yako.

Basi, juu yangu.

Kushona alinifundisha mama mkwe,
Bi Kyenkuhaire, mwaka niliotoka jeshini
na mikono isiyojua kazi ya taratibu.
"Mkasi si panga," aliniambia.
"Kitambaa hakijakukosea."
Alipofariki, mashamba yaligawanywa kwa kelele;
cherehani yake ya miguu hakuna aliyeigombea.
Kanyagio lake hulia kama bata. Mke wangu
hulala kwa sauti hiyo, ikinyamaza huamka.

Nilikata chati kwa magazeti ya zamani:
mgongo wangu wote ulikuwa matokeo ya mpira,
kwapa la kushoto, tanzia ya mtu nisiyemjua.
Chaki sikuwa nayo, nikachora kwa kipande cha sabuni.
Mkono wa kwanza niliushona ndani nje.
Nikafumua.
Wa pili ukamzidi mwenziwe upana wa vidole viwili.
Nikauacha. Bega langu la kulia nalo
halijalingana na la kushoto tangu vita vya kaskazini.

Ndipo Ninsiima akaingia na daftari.
Darasa la tatu wanaigiza Ijumaa.
"Mimi ni simba," akasema, kasimama kama mwenye kudai.
"Mwalimu Arinaitwe kasema kila mtu ashonewe kwao."

Simba. Kwenye milima hii,
ambako hata babu yangu hakuwahi kuona unyayo wake.
Nikauliza kama mbuzi hawakubaki.
Mbuzi ni Kansiime. Kwao wanafuga, sauti anaijua.

Nilikuwa nimeweka bitana kando:
koti la manyoya la kike, rangi ya asali,
lililopunguzwa bei kwa sababu ya nondo.
Lingekaa upande wa kifua,
pale ambapo upepo hubisha hodi kwanza.
Nikalishika kitambo. Lilikuwa na joto
hata kabla ya kuvaliwa.

Nikakata.

Manyoya ya shingo yakatosha, ya mkia yakabaki haba,
nikaujaza mkia mabaki ya blanketi.
Sikio moja lilisimama, la pili likainama.
"Simba mzee," nikasema.
"Simba anayewaza," akanirekebisha.

Ijumaa sikulala baada ya zamu.
Alinguruma mahali ambapo mchezo haukuwa na mngurumo,
Kansiime akalia machozi ya kweli,
mkia ukakatika.
Akauokota, akaushika kama fimbo,
akaendelea kutawala.

Usiku ule nilivaa koti langu mara ya kwanza.
Vifungo vinne, hakuna viwili vya mama mmoja.
Upepo ulipita katika nyuzi
kama mpangaji mwenye funguo zake.
Nikatia mkono mfukoni, nikagusa kitu laini:
mkia, na sindano imechomekwa juu yake
ili nisisahau kazi.

Bagambe, wa lango la nyuma, alinimulika kwa tochi.
"Nani kakushonea?"
"Fundi mmoja."
"Mwambie mkono mmoja mrefu."
"Anajua," nikasema,
nikaukunja, vidole viwili,
nikarudi kuuangalia ukungu ukiingia benki.