Nusu ya Njia

Filamu ya Ansigari haina ngumi wala bibi harusi.
Ina Somoe Chihipu, na ndoo ya korosho kichwani,
na hatua sitini na nne
kutoka mlangoni kwake hadi mizani ya chama, hapa Kitangari.

Alisoma kule Ndanda, kwenye kitabu kilichokosa jalada,
kwamba Mgiriki mmoja, kabla ya Injili, kabla ya Korani,
alisema hakuna afikaye:
sharti kwanza uifike nusu ya njia,
kisha nusu ya iliyobaki,
kisha nusu ya hiyo nusu,
na nusu haziishi.

Tulipiga picha siku tisa, Oktoba.
Mimi nilishika bati la kurudisha jua usoni pake.
"Simama!" zimebaki thelathini na mbili.
"Simama!" kumi na sita.
Somoe anasimama. Jasho halisimami.
Kuku anakatiza mbele ya kamera,
anafika aendako.

Nane.
Nne. Mbili.
Moja.
Unyayo.
Kidole gumba.
Vumbi kati ya kidole na saruji.
Kisha weupe, dakika nzima, bila sauti.

Tuliionyesha ghalani, ukutani, juu ya magunia,
jenereta likikohoa nje.
Nilingoja wazomee.
Walikaa kimya hata ule weupe ukaisha,
ndipo mtu wa nyuma, sikumwona, akapaza sauti:
"Jamani, haya si malipo ya pili!"
Ghala likapasuka kwa kicheko.
Mnada ulipita, tukapewa nusu;
wiki ijayo, nusu ya iliyobaki;
wiki ijayo nayo ina wiki yake ijayo.
"Huyo Mgiriki shamba lake lilikuwa wapi? Tandahimba?"
"Alikuwa na stakabadhi?"

Ansigari anaandika kwenye daftari, kalamu inamtetemeka,
sijui kwa furaha au kwa kuumbuka.

Somoe akainuka, akafunga kanga vizuri.
"Mimi nilifika," akasema.
"Mlipozima mashine yenu nilitua ndoo.
Kilo kumi na moja na nusu.
Karani akaandika kumi na moja."
Akamgeukia Ansigari, taratibu, kama anayechagua korosho mbovu:
"Na wewe, mwanangu,
ulisema nusu sasa, nusu tukimaliza.
Hii filamu imekwisha, au bado?"

Hakuna aliyecheka.
Ule weupe ulikuwa bado ukutani,
kivuli chake kikaupita, kikubwa,
kikatoka na mlango.

Nilimsindikiza kwa tochi.
Hakusema neno, nami sikuwa na la kumwambia.
Nikahesabu tu, kwa mazoea mabaya ya ile kazi,
kutoka mizani hadi kizingiti chake:
hamsini na nane.

Bila ndoo, ana hatua ndefu.