Kipimachumvi

Nimekuja nacho kutoka Wasini, begini, ndani ya soksi:
mrija mfupi, kioo mbele, jicho nyuma.
Unadondosha tone, unachungulia juani,
na ukingo wa buluu unakwambia
bahari imeamkaje leo.
Kwetu husema thelathini na tano.
Masika mito ikimwaga, thelathini na moja.
Hakijapata kunyamaza.

Hapa kimenyamaza.
Sifuri gatini Kibirizi. Sifuri Katonga.
Sifuri maili mbili ndani, ambako Lukuga ulivuma
nikatapika ubavuni mwa boti,
mimi, mjukuu wa wazamiaji.
Nimelamba kidole. Maji ya mtungi.
"Ng'ambo ile Kongo," kasema Ruhaga
kwa kidevu tu, mkono haukuachia mashine.
Sikuona ng'ambo. Niliona ukungu umekaa.

Wenzangu wa chuo wananiita Mkenya
kana kwamba ni jina la samaki:
Mkenya ameshiba? Mkenya anaogelea usiku?
Nami nacheka, kwani nimevuka Lungalunga
kwa karatasi tatu na mhuri mmoja
kuja kusomea bahari,
na bahari yenyewe imenileta kwa treni, siku mbili,
mpaka penye maji yasiyonijua.

Nimeona konokono wenye miiba na mikunjo.
Nikamwokota mmoja, nikaapa ni wa kwetu.
Mwalimu Mbonde akatabasamu: wageni wa kale nao
walibabaika vivyo hivyo, wakadhani
bahari iliwahi kupita hapa
ikasahau kandambili.
Nimeona konyeza, upana wa sarafu,
anafumba anafumbua, wala hawashi.
Nilimweka kiganjani. Nilingoja maumivu.
Hayakuja, na nilisikitika kidogo.

Saa sita tukashusha sahani nyeupe
kwa kamba yenye mafundo, kila mita fundo.
Kazi ni moja: sema inapopotea.
Mimi nilisema kumi na moja.
Editruda, kumi na mbili.
Ruhaga, ambaye hakuna aliyemuuliza, "Bado naiona."
Kumi na nne. "Bado."
Kumi na tano na nusu: "Haya. Imekwenda."
Mwalimu akasema yake isiandikwe, hayumo kwenye orodha.
Niliiandika pembeni, kwa penseli,
herufi ndogo kama mayai ya dagaa.

Jioni, Kibirizi, Ntakije anageuza dagaa juu ya nyavu,
fedha inayonuka, ekari nzima ya fedha.
"Na hiyo sahani," akauliza, "mnamlisha nani?"
Nikaeleza: tunapima mwanga unashuka hadi wapi.
Akaendelea kugeuza.
"Sisi twawasha taa usiku, wanakuja kuupima wenyewe.
Ila siku hizi wanakuja wachache. Hilo mmeliandika?"
Nikapekua daftari mbele yake
kama mtu anayetafuta nauli ambayo anajua hana.

Akakiona kipimachumvi shingoni mwangu.
Nikamwonyesha: sifuri, sifuri, safu nzima ya sifuri.
Akapangusa jasho kisogoni kwa kidole,
akalidondosha kiooni bila kuomba ruhusa,
akachungulia jua linapozama.
Ukingo wa buluu ulikuwa umepanda: nne.
"Mbona kizima," akasema, akanirudishia.
Akarudi kwa dagaa wake, kabla umande haujashuka.

Sijakifuta kioo. Najua ni vibaya, chumvi hula.

Usiku mama kapiga, sauti inakatika.
Bahari ya huko ikoje?
Nikamwambia haina chumvi,
haijai wala haikupwi,
yakaa pale pale kutwa, kama mtu aliyesusa.
Kimya. Nilidhani mtandao umekwenda.
Kisha: "Sasa mwanangu,
hao watu huko wanajuaje saa ya kurudi nyumbani?"