Maneno Arobaini

Ofisini wamenipa maneno arobaini.
Ubao wa kahawia, herufi nyeupe,
upana mita mbili, nguzo mbili za chuma;
na dereva, wanasema, anapita kwa kasi ya mia na ishirini,
hana macho ya kusoma hadithi.

Basi nikaenda Museilifa, mbele ya Ibra,
nikihesabu maneno kama mtu anayehesabu nauli.
Falaji: moja. Kongwe: mbili.
Karne nikaiacha wazi, maana kila mzee
alinipa yake, na wote waliapa.

Bi Zuwena binti Hilali alinikaribisha kwa halua na kahawa
na Kiswahili cha Wete kisichochuja,
ingawa alitoka huko na meno ya utoto.
"Andika," akasema, "maji haya yana wenyewe."
Nikaandika: maji. Nikaandika: wenyewe.
"Mchana tunaukata vipande, kila kipande athari moja,
nusu saa ya saa yako hiyo ya mkononi.
Palikuwa na kijiti kimesimama pale uwanjani.
Kivuli kikifika jiwe lako, unafungua mfereji wako.
Kikitoka unafunga, hata kama mtende wako unalia."

Nikauliza nani alichimba.
Akatikisa kikombe, ishara kuwa imetosha,
ila hakuwa anazungumzia kahawa.
"Feruzi. Na nduguze Feruzi.
Hawakupewa jiwe.
Aliyechimba hakuwa na kivuli."

Nikaandika Feruzi. Nikahesabu tena.

"Na Mayasa, mjukuu wake,
alinunua nusu athari
kwa fedha ya kufua nguo za watu, miaka tisa.
Mwaka wa ukame, maji yakija kama jasho,
akaiacha nusu yake iende msikitini, maiti waoshwe.
Hakuna aliyemwomba.
Mitende yake minne ikakauka wima.
Hilo nalo liandike."

Usiku, hotelini Ibra, kiyoyozi kikikoroma,
nilikuwa na maneno mia mbili na sita.
Kukata ni kazi; nimesomea kukata.
Nikakata kikombe. Nikakata jasho.
Nikakata mitende, mmoja mmoja.
Feruzi alibaki mpaka saa saba na robo.
Asubuhi nilituma thelathini na nane,
mawili nikayarudisha
kama chenji.

Mkurugenzi aliandika: Safi.

Miezi minne baadaye nikapita, si kwa kazi,
mama yuko kiti cha mbele anamenya chungwa.
Ubao upo. Mafundi wa Silheti wameusimika
hatua kumi nje ya alama yangu ya chokaa.
Ngamia keshajikuna kwenye nguzo ya kushoto,
na mtu wa gari la maji amebandika namba yake ya simu
juu ya neno "kongwe".
Nikasimamisha gari, nikashuka na hasira za kiofisi.

Chini, kwenye changarawe, mawe.
Yamepangwa. Si ya barabara.
Kivuli cha nguzo kilikuwa juu ya la tatu
na kijana mmoja, jembe begani,
amechutama anakisubiri kitoke.
"Kile kijiti kilivunjwa na greda," akasema,
"na hii nguzo imenyooka vizuri."
Hakujua mimi ni nani. Ubao hajawahi kuusoma;
yeye anauona kwa nyuma.

Mama akaita kutoka garini, chungwa linaisha.
Baina ya jiwe la nne na la tano
palikuwa na kijiwe, nusu ya wenzake,
kimepakwa rangi ya buluu, ile ya milango.
Nikainua mguu nipite.

"Hapo usikanyage, bwana," akasema kijana,
macho yake bado yako kwenye kivuli.
"Hapo pa Mayasa."