Humu ni Mle, Hapa si Pale

Shangazi Vieno anaandika kitabu cha maisha yake
kwa penseli ya fundi seremala, katika madaftari ya mistari mipana,
nami nakichapa usiku, kahawa ikipoa pembeni.
Ukurasa wa kwanza una sentensi moja: *Nilizaliwa jikoni.*
Ukurasa wa pili ameufuta mara tatu, hadi karatasi imetoboka.

Huku kaskazini mwa Sweden mgodi umekula chini ya mji.
Chuma kilitoka, shimo likabaki,
na shimo ni kama deni, huzaa.
Ufa ulianzia kanisani, ukafika shuleni,
ukaingia kwenye viazi vya mjomba Algot.
Kampuni ikaleta barua yenye nembo:
nyumba itahamishwa nzima nzima,
msihangaike kuondoa hata picha ukutani.

Wakaing'oa kama jino.
Wakaipandisha kwenye lori lisilo na mwisho wa magurudumu,
likaenda mwendo wa mtu anayebanwa na kiatu,
na shangazi nyuma yake, kwa miguu, kilomita nne,
ndani ya koti lake la mazishi.
Watu walipiga picha.
Mtoto mmoja aliipungia nyumba mkono.

Sasa imetua. Ngazi ni zile zile.
Kwenye mwimo wa mlango vimo vyetu vingalipo:
mimi wa miaka sita,
Rune wa miaka tisa, ambaye hakupita hapo.
Droo ya vijiko bado haifunguki mpaka uipige goti.
Ila dirisha lililozoea mlima
linatazama maegesho ya duka la samani,
na jua, ambalo halikuandikiwa barua,
linaingilia chumbani.
Kila saa tatu asubuhi paka anakwenda kulala
pale pale kwenye zulia jua lilipokuwa likianguka.
Analala kivulini.
Anangoja.

Sura ya nne: *Humu ni mle mle. Hapa si pale.*
Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyolipwa.

Kitabu kizima ni Kiswidi, lugha aliyofundishwa kwa kufungiwa nje,
barazani, Februari, kwa kosa la kuomba maziwa kwa lugha ya mama yake.
Lakini mkate hautaji kwa Kiswidi.
Wala maziwa. Wala woga.
Maneno hayo yamesimama katikati ya mistari
kama wageni wasiovua viatu,
na mimi, niliyelelewa nisiyajue,
nayachapa herufi moja moja,
nikimpigia simu kuuliza nukta zinakaa juu ya ipi.

Joakim, mhariri wa Stockholm, mpole, mwenye haraka,
anaandika kwamba msomaji atakwama mapema.
*Ulizaliwa jikoni. Jiko lipi? La wapi?
Mama ni wa wapi hasa?*

Jumapili tulikwenda mpaka kwenye uzio.
Nyuma ya waya hapakuwa hata na gofu,
ni ardhi iliyokwenda chini na hewa iliyoachwa juu.
Alinyoosha kidole cha glavu:
"Pale. Usawa wa yule kunguru. Hapo ndipo alipopiga kelele mama."
Kunguru akapita katikati ya jiko
bila kugonga kitu.

Nikamwambia, shangazi, mtie paka kitabuni,
paka anasema yote.
Akakataa. "Paka hakuombwa ruhusa kuhamishwa.
Na hakuombwa ruhusa kuandikwa.
Angalau moja kati ya hayo mawili tulikwepe."
(Nimemwandika mimi. Dhambi ni yangu.)

Jana daftari limerudi.
Tundu la ukurasa wa pili amelibandika karatasi ya kuokea,
na juu yake, kwa mkono uliotulia:
*Nilizaliwa jikoni. Jiko ninalo.
Msiniulize pale pako wapi.*

Nimeichapa hivyo hivyo.
Kisha nikainuka gizani kutafuta kijiko,
na kabla sijakumbuka,
goti langu lilikwisha kuipiga droo.