Kitanda cha Saba

Karibuni Arua. Makoti yenu bado yana mikunjo ya dukani.
Mimi ni Sista Candiru. Kwa Kilugbara jina hili lina shida ndani yake,
na miaka thelathini na mmoja nimeitembeza kati ya vitanda hivi.
Sijawahi kuwa daktari.
Nisikilizeni kidogo tu, kabla profesa hajafika.

Jana mchana mmoja wenu
(simtaji, ila kwao ni Masaka
na viatu vyake vinalia kama bata mwenye njaa)
alisimama miguuni pa kitanda cha saba, akasoma:
"Mtoto wa kiume, miaka minne, malaria kali, damu iko nne."
Kila namba ilikuwa kweli.
Mtoto alimtazama mdomoni mpaka mwisho,
akingoja kusikia jina lake.

Anaitwa Ayiko. Maana yake furaha.
Mama yake ametoka Terego, mgongo ukiwa machela
mpaka barabarani, kisha bodaboda ya deni.
Na hii si safari yake ya kwanza.
Wiki iliyopita, huko kwao, mwenye koti kama lenu
alimwandikia dawa. Nimeiona karatasi: mwandiko safi, vipimo sahihi.
Duka likataka elfu kumi na nane.
Mama alikuwa na elfu saba.
Akanunua dawa ya elfu saba.

Malaria haikopeshi, wanangu.

Someni mifupa yote, sitanii,
someni figo na njia zake hadi usingizi uwakimbie;
mjinga mwenye huruma hujaza makaburi kama mjinga mwingine yeyote.
Lakini kalamu ikishagusa karatasi, inua macho.
Uliza, kwa sauti ya chini, pembeni,
maana ufukara nao una haya zake:
"Mama, hii utaipataje?"
Ndipo utajua kama umeandika dawa
au umeandika barua isiyo na anwani.

Na salamu. "Mi ngoni?" Maneno mawili.
Yaharibu tu, watakucheka;
mgonjwa aliyekucheka amekwisha kusogea kukupisha mlangoni.

Sasa hili silisemi mbele ya profesa.
Nilipokuwa na umri wenu, wodi ya wazazi, usiku,
mwanamke mmoja alipiga kelele sana.
Nikamkemea. Nikamwambia wenzako wanazaa pia.
Akanyamaza.
Nikafurahi, nikaenda kuchemsha chai.
Nilidhani ametulia.
Alikuwa anaisha.
Shuka ndiyo iliyonieleza, si yeye.
Jina lake ninalo. Yenu haijafika siku ya kulisikia.
Ila tangu hapo kimya cha mgonjwa kikiniita
hunikuta nimekwisha simama.

Msiniangalie hivyo. Nanyi mtakosea.
Siku hiyo usimtafute nesi wa kumtupia,
wala usiseme "Mungu amependa" kabla hujasema "nilichelewa."
Mungu ana mengi ya kujibia bila yako.

Usiku wa jana umeme ulikatika, damu ikiwa ndiyo kwanza imefika.
Nilihitaji mwanga ili nipate mshipa.
Akatokea yule wa Masaka, saa zake zilikwisha zamani,
akashika simu juu ya mkono wa mtoto.
Taa ikatetemeka. Sikumkaripia.
Nilimsikia akinong'ona: "Ayiko. Ayiko, tazama huku."
Mara ya tatu sindano ikaingia.
Tone, kisha tone, kisha tone.
Hatukusema kitu. Kitabuni hakuna ukurasa wa hapo.

Alfajiri mtoto akaomba uji.
Mama alikuwa amelala sakafuni, mara ya kwanza baada ya siku nne,
na kijana akaenda kuufuata jikoni
kwa soksi, polepole, asimwamshe mtu.

Haya, huyo profesa anapanda ngazi. Simameni sawasawa.
Na wewe, unayejificha nyuma ya mrefu,
viatu vyako viko chini ya meza yangu.