Mistari ya Matope

Orodha niliibandika Juni kwenye mlango wa friji
kwa vibandiko vya ndizi nilivyotoka navyo kiwandani:
majina ishirini na moja, la kike, la kiume, yakipokezana
kama watoto kwenye foleni ya chanjo.
Kila redio ilipotaja kimbunga, bibi Tiburcia alinyoosha kidole
nami nikakata jina kwa kalamu nyekundu.
"Huyu wa mbali," alisema. "Huyu wa Wamarekani.
Huyu amefia baharini, Mungu amrehemu."

Katikati ya Septemba karatasi ikaisha.
Wilfred, wa mwisho, alipita
bila kuangusha hata soksi kwenye kamba.
Lakini bahari ilikuwa bado na mimba.
Wakaanza kuita kwa herufi za Kiyunani,
kama mama aliyechoka: wewe wa pili, wewe wa tano, njoo hapa.

Bibi hakupenda.
"Herufi utailaanije?"
Mitch alikuwa akimlaani kwa jina, mwaka wa ishirini na mbili sasa,
kila macho yake yalipogota kwenye mstari wa lami
alioupiga mjomba Osmán ukutani, chini kidogo ya dirisha: 98.
Hapo ndipo maji yalipokoma.
Hapo ndipo tulipojifunza kuamini kwamba maji hukoma.

Eta.
Haikutuletea upepo sisi wa La Lima; upepo iliumalizia Nikaragua.
Ilituletea milima, imeyeyushwa.
Mto Chamelecón ulikuja usiku bila kubisha hodi,
ukapita kitanda, ukaupita mstari wa Osmán
bila hata kuusoma.
Tulimpandisha bibi paani ndani ya beseni la kufulia,
barakoa ingali usoni (mwaka ule tulikuwa tukiogopa pumzi)
na kwapani kuku ambaye hakuna aliyejua ni wa nani.
Friji niliiona ikielea kuelekea mashamba ya kampuni,
mlango wazi, majina yakinywa maji.

Siku kumi na mbili chini ya turubai, katikati ya barabara kuu,
malori kushoto, malori kulia.
Osmán akarudi na koleo.
Alizoa matope ya chumba kimoja. Kimoja tu.
Akafika kwenye vigae, akaja mbio kutuita tukaone:
kijani, jamani, bado ni kijani!

Kesho yake redio ikasema Iota.

Nilicheka. Mnisamehe, nilicheka.
Nilidhani mtangazaji amekosea, anasoma habari za juzi.
Pwani ileile. Mto uleule.
Hii haikukuta cha kuchukua
ila usafi wa chumba kimoja.

Bibi alifariki Februari, si kwa maji, kwa sukari.
Ndivyo kilivyoandika cheti, nami sibishani na cheti.
Nasikia wakuu wa hali ya hewa wameziacha herufi zile,
wametunga majina ya akiba.
Vizuri. Angekuwa na wa kumlaani.

Nyumba tumeipaka rangi, ila ukuta wa jikoni Osmán ameuruka:
98 chini, Eta juu kabisa,
na chini yake, kwa upana wa kiganja, Iota.
Kila siku ya kuzaliwa Yareli huvua viatu,
huegemea pale, hukaza shingo,
nami huweka kitabu juu ya nywele zake na kuchora.
Mwaka huu amempita Mitch.
Hakushangilia. Aligeuka, akautazama mstari wa juu
kwa muda mrefu kuliko mtoto anavyotazama ukuta,
kisha akauliza:
"Mama, na wewe unafika wapi?"

Nikavua viatu.