Nyuzi Hasi Themanini

Napanda Bugarika kwa mikono na magoti,
kasha la barafu begani, sindano kumi na mbili,
fomu nimezifunga kwenye nailoni kwa ajili ya mvua.
Nyumba zimetulia juu ya majabali kama kuku waliogoma kushuka.
Chini ziwa limelala, jeupe, halina habari na mtu.

Holo Lukelesha ananisogezea kigoda.
Miaka kumi na tisa alichuna ngozi ya sangara
kiwandani, kwenye baridi, mabuti hadi magotini,
mpaka siku walipofunga geti na kubandika karatasi.
Vidole vyake viwili bado havijui joto.

Kunja ngumi, mama. Haya, fumbua.
Mshipa unajificha, unachungulia, unakubali.
Damu yaingia chupani bila kelele,
nyekundu kama ya mtu yeyote.

Kisha maswali. Yapo tisa, kwa Kiswahili cha ofisini:
Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi
umekosa hamu au raha ya kufanya mambo?
Anatazama sufuria. "Mambo gani?"
Nasoma tena. Sauti yangu inanitia aibu.
Umejisikia mnyonge, huna tumaini?
"Andika moyo mzito."
Hakuna kisanduku cha moyo mzito.
Kuna hata mara moja, kuna siku kadhaa, kuna karibu kila siku.
"Basi andika kila siku, ila si mchana."

Swali la tisa nalisoma polepole,
lile la kuona afadhali usingekuwepo.
Ananyamaza. Kuku anapita kati yetu.
"Ijumaa," anasema. "Ijumaa moja. Ikapita."
Fomu inaniagiza nimpe namba ya daktari.
Nampa. Naweka kalamu chini,
kisha nakaa, jambo ambalo fomu haikuagiza.

Maabara, usiku. Mashine inanguruma kama paka aliyeshiba.
Protini ya uvimbe: sita nukta nne. Mpaka ni tatu.
Homoni ya moyo uliovutwa kupita kiasi: imepanda, kidogo.
Troponini: kimya. Hakuna kilichokwisha kufa.
Najaza safu ya kushoto, najaza safu ya kulia,
damu huku, Ijumaa kule,
na nukta za watu mia tatu zinapanda pamoja kwenye kioo
kama wanawake wapandao mlima na ndoo,
wengine wakibaki nyuma, mmoja akiteremka peke yake.

"Uhusiano upo," asema Dokta Rwechungura akitafuna karanga,
"ila usiandike chanzo. Hatujui kipi kilimwasha mwenzake."
Mishipa iliyovimba ikainamisha roho,
au roho iliyoinama ikavimbisha mishipa,
au ni lile geti.
Geti halina safu.

Bibi yangu wa Ukerewe hakuwahi kuona hadubini.
Alisema moyo umeniruka, moyo waniungua, moyo umenikaa kooni,
nami nikidhani anapamba maneno.

Nilipompelekea Holo majibu, na barua ya kliniki,
aliuliza damu iliyobaki iko wapi.
Kwenye friza, nikasema. Nyuzi hasi themanini. Miaka kumi.
"Sangara tulimweka hasi ishirini."
Akacheka, akakohoa, akafuta macho kwa pindo la khanga.
"Kwa hiyo mimi ndiye wa kusafirishwa mbali."

Leo umeme umekatika Mwanza nzima.
Nimeamka kabla ya kujua nimeamka,
nasikiliza jenereta la hospitali ng'ambo ya bonde.
Bado.
Chupa mia tatu gizani, na yake, 0217.
Kitu kinanidunda kifuani kama mtu agongaye mlango kwa kiwiko
kwa kuwa mikono imejaa.
Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi.
Sijajaza.
Bado.